Nuru Inavyotambua Mguso: Somo la Sayansi Lisilohitaji Chombo cha Gharama

1. Utangulizi

Somo la nuru hufundishwa katika shule zetu kwa vifaa vilevile vya siku nyingi: mshumaa, kadi tatu zenye matundu, kioo bapa, na penseli iliyotumbukizwa katika bilauri ya maji. Vifaa hivyo ni vizuri, wala hatukusudii kuvidharau. Lakini mwanafunzi akiisha kuchora miale yake na kupewa alama, aghalabu hubaki akidhani kwamba kanuni hizo ni za mtihani tu, na kwamba vyombo anavyoviona katika maduka ya simu, ofisini, au katika shule zilizopata mbao za kielektroni, vyafanya kazi kwa uwezo mwingine asioweza kuujua.

Makala haya yanakusudia mambo mawili. Kwanza, kumweleza mwalimu jinsi nuru inavyotumiwa kutambua kidole kilichogusa kioo au ubao. Pili, kuonyesha namna ya kulifundisha jambo hilo katika madarasa ya juu ya shule ya msingi na vidato vya mwanzo, hata pale ambapo chombo chenyewe hakipo. Kanuni zinazohitajika ni zile ambazo mwalimu anazijua tayari: nuru husafiri kwa mstari mnyoofu, kitu kisichopenyeka hufanya kivuli, na nuru iliyo ndani ya maji au kioo huweza kuakisiwa irudi ndani badala ya kutoka nje.

2. Jambo la kusahihisha kwanza

Mwalimu akiwauliza wanafunzi wake, "Kioo kilijuaje kwamba umekigusa, tena mahali pale hasa?" wengi watajibu, "Kimehisi kidole." Hatuna budi kuanza na jibu hilo, maana likiachwa lilivyo, kila maelezo yatakayofuata yatajengwa juu ya msingi mbovu. Kioo hakina ngozi wala mishipa ya fahamu. Katika vyombo tunavyovizungumzia hapa, hakuna kinachohisi kidole. Kuna nuru iliyopangwa kwa utaratibu, kuna vipokezi vinavyoitazama nuru hiyo bila kukoma, na kuna kompyuta inayoweka hesabu. Kidole kinapoingia, hesabu hubadilika: mahali fulani nuru hupungua, au huzidi. Kutokana na badiliko hilo kompyuta hukata shauri kwamba pana mguso. Kwa maneno mengine, mguso haupimwi wenyewe. Hujulikana kwa hoja.

Kwa hiyo, mbele ya kila chombo cha aina hii, mwanafunzi na azoezwe kuuliza maswali matatu:

(a) Nuru yatoka wapi?
(b) Wakati hakuna mguso, nuru hiyo hupita njia gani na kuishia wapi?
(c) Kidole kikifika, ni nani anayeona badiliko, na badiliko lenyewe ni kupungua au kuzidi?

Yafaa pia mwalimu ajihadhari na kosa lililo rahisi kutendeka. Si kila kioo cha kugusa kinatumia nuru. Vioo vya simu nyingi za siku hizi hutumia umeme: mwili wa mtu hupitisha umeme, basi kidole kikikaribia hubadili chaji katika tabaka nyembamba iliyo chini ya kioo. Tofauti hiyo huonekana kwa jaribio dogo. Chukua kijiti kikavu cha mti uguse nacho kioo cha simu. Simu haitajibu, kwa kuwa mti mkavu haupitishi umeme vya kutosha. Gusa kwa kijiti hichohicho ubao unaotumia miale ya nuru, nao utajibu mara moja, kwa kuwa kijiti huzuia nuru sawasawa na kidole. Mwanafunzi aachiwe kuitafuta sababu mwenyewe.

3. Njia ya kwanza: wavu wa miale

Walimu watafurahi kujua kwamba mojawapo ya vyombo vya mwanzo kutumia njia hii kilitengenezwa kwa ajili ya kufundishia. Katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, Donald Bitzer na wenzake walianza mwaka 1960 kuunda mtambo wa kufundisha kwa kompyuta ulioitwa PLATO. Toleo la nne la mtambo huo lililotoka mwaka 1972, yaani PLATO IV, lilikuwa na kioo cha plazma chenye nukta 512 kwa 512, zilizong'aa kwa rangi ya machungwa. Kioo hicho kilizungukwa na fremu ya kutambua mguso. Mwanafunzi aliweza kujibu swali kwa kuonyesha kidole mahali penye jibu, bila kulazimika kupiga chapa.

Fremu ilifanya kazi hivi. Katika upande mmoja wa kioo zilipangwa taa ndogo 16, na katika upande unaoielekea vipokezi 16. Kila taa ilitazamana na kipokezi chake. Mpango kama huo uliwekwa pia katika pande mbili zilizobaki. Basi palikuwa na miale 16 ya wima na miale 16 ya mlalo, ikipita mbele kidogo ya uso wa kioo na kufanya wavu usioonekana kwa macho. Hauonekani kwa sababu taa hizo hutoa nuru ya infraredi, ambayo mawimbi yake ni marefu kuliko yale ambayo jicho la mtu huweza kuyaona.

Kidole kikiingia katika wavu huo hukata mwale mmoja wa wima na mmoja wa mlalo. Kipokezi cha wima kilichokosa nuru husema, kwa mfano, "safu ya 5". Cha mlalo husema "mstari wa 11". Pale vinapokutana ndipo penye kidole. Hivyo miale 32 tu ilitosha kutofautisha mahali 256, maana 16 mara 16 ni 256. Mwalimu wa hisabati ataona kwamba hapa kuna somo zima la majira ya nukta, ambalo mara nyingi hufundishwa kwa grafu tupu.

Mambo mawili yasipite bila kutajwa. La kwanza ni kwamba katika fremu za namna hii taa haziachwi ziwake zote pamoja. Huwashwa moja baada ya nyingine kwa kasi kubwa, na kompyuta humsikiliza mpokezi anayehusika na taa iliyowaka wakati huo; la sivyo nuru ya taa jirani ingeweza kumdanganya. La pili ni kwamba, kwa kuwa miale hupita mbele ya kioo, kidole hutambuliwa kabla hakijagusa. Kwa hakika hakihitaji kugusa kabisa. Chombo hakina habari ya kioo. Kina habari ya miale.

4. Tatizo la vidole viwili

Hapa ndipo penye utamu wa somo, nasi twawashauri walimu wasipaharakishe.

Tuseme mtu anaweka vidole viwili kwa wakati mmoja. Kimoja kiko safu ya 3, mstari wa 2. Cha pili kiko safu ya 7, mstari wa 5. Vipokezi vya wima vitatoa taarifa ya safu mbili, ya 3 na ya 7. Vipokezi vya mlalo vitatoa taarifa ya mistari miwili, wa 2 na wa 5. Lakini safu mbili na mistari miwili hukutana mahali pane: (3,2), (3,5), (7,2) na (7,5). Vidole ni viwili, na mahali ni pane. Kompyuta haina njia ya kujua kwa taarifa hizo pekee kama vidole viko kwenye (3,2) na (7,5), au kwenye (3,5) na (7,2). Mahali pawili kati ya pane ni pa uongo, mfano wa mizuka.

Mwanafunzi akilielewa jambo hili, ameelewa kwamba kuwa na taarifa si sawa na kuwa na hakika. Taarifa zote nne zilizotolewa ni za kweli. Hakuna kipokezi kilichosema uongo. Hata hivyo kweli hizo hazitoshi kukata shauri.

Wahandisi wamelitatua tatizo hilo kwa njia mbalimbali. Njia rahisi ni kutumia wakati. Ni nadra vidole viwili kufika kwa nukta ileile ya wakati; kile kilichotangulia kikiwa kimekwisha kujulikana kilipo, cha pili hupatikana kwa kuondoa. Njia iliyo bora ni kuongeza miale ya mshazari: kila taa inapowaka, asisikilizwe kipokezi kinachoielekea peke yake, bali wasikilizwe na jirani zake pia. Mwale mmoja wa mshazari unaopita (3,2) bila kupita (3,5) watosha kumaliza ubishi.

5. Njia ya pili: kamera za pembeni

Ubao ukiwa mpana, taa na vipokezi vya kuuzunguka huwa vingi. Njia nyingine ni kuweka kamera ndogo katika pembe za ubao, zikitazama kwa kulalia uso wake. Mwaka 2003 kampuni ya SMART Technologies ya Kanada ilitoa ubao wa kufundishia uliotumia kamera namna hiyo.

Kamera moja peke yake haiwezi kujua kidole kiko umbali gani. Hujua tu kiko upande gani, yaani pembe yake. Lakini kamera mbili zikitaja pembe mbili, mistari miwili huchorwa na kukutana mahali pamoja. Hii ndiyo kanuni wanayoitumia wapima ardhi kupata mahali pa mlima wasioufikia.

Chukua ubao wenye upana wa sentimeta 140. Kamera zimewekwa katika pembe mbili za juu. Kamera ya kushoto inaona kidole kwa pembe ya digrii 45 kutoka ukingo wa juu, na ya kulia inakiona kwa digrii 37. Mwanafunzi achore mstari wa sentimeta 14 badala ya 140, apime pembe hizo kwa kipimapembe katika ncha zake, na kuendeleza mistari mpaka ikutane. Atakuta kwamba kidole kiko karibu sentimeta 6 kutoka kushoto na sentimeta 6 kwenda chini katika mchoro wake, yaani sentimeta 60 kwa 60 katika ubao. Kisha na abadili pembe moja kwa digrii moja tu, aone jinsi mahali panavyosogea. Ndipo atakapofahamu kwa nini kamera iliyolegea kidogo hufanya wino utokee mbali na kalamu.

6. Njia ya tatu: nuru iliyofungwa ndani ya kioo

Katika njia mbili zilizotangulia, kidole huzuia nuru. Katika njia ya tatu mambo ni kinyume: kidole huifungulia.

Mwalimu atakumbuka kwamba nuru iliyo ndani ya kitu kizito kama kioo, ikijaribu kutoka kuingia hewani kwa mshazari mkubwa, hushindwa kutoka na kuakisiwa yote irudi ndani. Kwa plastiki angavu ya akriliki hali hiyo huanza pembe inapozidi digrii 42 hivi, ikipimwa kutoka mstari uliosimama wima juu ya uso. Basi bamba la akriliki likiangazwa kwa taa za infraredi kutoka ukingoni, nuru husafiri ndani yake ikidunda juu na chini bila kutoka.

Uakisi huo hutegemea kuwapo kwa hewa nje ya bamba. Kidole kikikandamizwa, mahali pa hewa huchukuliwa na ngozi na unyevu wake, na nuru hupata njia ya kutoka. Huingia katika ngozi, hutawanyika, na sehemu yake hurudi ikapenya bamba moja kwa moja hadi upande wa nyuma. Kamera iliyowekwa nyuma huona doa jeupe pale penye kidole. Kidole kikikandamizwa zaidi, doa huwa kubwa zaidi. Vidole kumi hutoa madoa kumi, na tatizo la mahali pa uongo halipo, kwa kuwa kila kidole hujitangaza mahali pake chenyewe. Mwaka 2005 Jefferson Han, wa Chuo Kikuu cha New York, alionyesha kwamba kioo cha kutambua vidole vingi chaweza kutengenezwa kwa njia hii kwa gharama ndogo.

Kanuni hii twaweza kuiona kwa bilauri ya maji. Jaza maji katika bilauri ya kioo iliyo nyofu na angavu. Ishike kwa vidole vilivyoloweshwa kidogo, kisha tazama kutoka juu, kupitia uso wa maji, ukielekeza jicho kwenye ubavu wa ndani wa bilauri. Ubavu utang'aa kama fedha, wala hutaviona vidole vyenyewe. Lakini pale ngozi inapogusana na kioo sawasawa utaona matuta ya kidole yamechorwa waziwazi, na mifereji iliyo kati yake iking'aa.

Hivyo ndivyo vinavyofanya kazi vingi vya vifaa vya kuchukulia alama za vidole, mfano wa vile ambavyo wananchi wamevizoea tangu Tanzania ilipoanza, mwaka 2019, kusajili laini za simu kwa alama za vidole. Tuta la kidole hugusa kioo, nuru hutoroka, na mahali pake huwa peusi. Mfereji una hewa, nuru huakisiwa, na mahali pake huwa peupe.

Mwanafunzi makini atauliza: mbona katika bamba la Han mahali palipoguswa ni peupe, na katika kifaa cha alama za vidole ni peusi, hali kanuni ni ileile? Swali hilo ni la thamani kubwa, na jibu lake liko katika swali (c) la hapo juu. Katika bamba, kamera imewekwa pale nuru inapokimbilia, basi huona kuzidi. Katika kifaa cha alama za vidole, kamera imewekwa katika njia ya nuru iliyoakisiwa, basi huona kupungua. Tukio ni moja. Tofauti ni mahali anaposimama mtazamaji.

7. Hatua za somo uwanjani

Somo hili lahitaji uwanja, chokaa au majivu ya kuchorea, kadi nyeupe 16 na wanafunzi wasiopungua 35. Darasa kubwa, ambalo kwa kawaida ni mzigo kwa mwalimu, hapa ni msaada.

Hatua ya kwanza. Chora safu 8 na mistari 8 inayokatana, mita moja baina ya mmoja na mwingine. Watoaji 8 wenye kadi wasimame upande wa juu, mita moja kabla ya mstari wa 1, kila mmoja kwenye safu yake. Wapokezi 8 wasimame upande wa chini, mita moja baada ya mstari wa 8, wakitazamana nao. Wengine 16 wapangwe vivyo hivyo kushoto na kulia. Kila mpokezi afumbe jicho moja na kuitazama kadi ya mwenzake tu.

Hatua ya pili. Mwanafunzi mmoja awe "kompyuta". Akae akiupa uwanja kisogo, na karatasi yenye wavu wa 8 kwa 8 mkononi. Mwingine aingie na kusimama pale safu na mstari zinapokutana. Mpokezi asiyeiona kadi yake ataje namba yake kwa sauti. "Kompyuta" atie alama. Darasa litashangaa kwamba asiyeona kitu ametaja mahali bila kukosea.

Hatua ya tatu. Wanafunzi wawili waingie kwa pamoja, mmoja (3,2) na wa pili (7,5). "Kompyuta" atakwama. Mwalimu asitoe jibu, bali aliachie darasa lijadiliane na kupendekeza ufumbuzi.

Hatua ya nne. Baada ya mjadala, mpokezi wa safu ya 6 aambiwe amtazame mtoaji wa safu ya 2, kwa mshazari. Mstari huo hupita karibu kabisa na (3,2), lakini hauzikaribii nukta tatu nyingine. Akisema haoni kadi, shauri limekatwa.

Hatua ya tano. Warudi darasani, wafanye jaribio la bilauri, kisha kila kundi lijibu kwa maandishi yale maswali matatu kwa kila njia. Mwalimu mwenye simu aweza kuongeza jaribio jingine: rimoti ya televisheni ibonyezwe mbele ya kamera ya simu. Kamera nyingi, hasa ile ya mbele, huonyesha taa ikimetameta, ingawa macho matupu hayaoni kitu.

8. Faida yake katika utunzaji wa vifaa

Maarifa haya si ya mtihani tu. Mwaka 1983 kampuni ya Hewlett-Packard ilitoa kompyuta ya HP-150, iliyotambua mguso kwa miale ya infraredi kupitia matundu madogo yaliyozunguka kioo. Vumbi lilijaa katika matundu hayo na kuleta taabu. Katika madarasa yetu vumbi la chaki ni jingi kuliko hilo. Vumbi likifunika taa moja, mwale wake hudhoofika, na ubao huona kidole mahali pasipo na mtu. Jua kali likipiga vipokezi moja kwa moja huvipofusha, maana nuru ya jua ina infraredi nyingi. Hata mdudu akitua ukingoni huhesabiwa kuwa mguso.

Tunaifahamu shule moja ambako ubao wa namna hiyo ulifungiwa stoo ukihesabiwa kuwa mbovu, kumbe ulihitaji kitambaa laini na kikavu ukiwa umezimwa, na pazia dirishani. Mwalimu anayedhani kwamba kioo "kinahisi" hana pa kuanzia chombo kinapokosea. Anayejua kwamba chombo huhesabu nuru atauliza mara moja: ni mwale upi uliozuiwa, na nini kimeuzuia?

9. Hitimisho

Tumeona njia tatu: wavu wa miale, kamera za pembeni, na nuru iliyofungwa ndani ya kioo. Katika zote, kidole hutambuliwa kwa badiliko la nuru, na kanuni zinazoeleza badiliko hilo ni zilezile zilizomo katika somo la mshumaa na kadi tatu. Twawasihi walimu walijaribu somo la uwanjani, hasa hatua ya tatu, na wampe mwanafunzi nafasi ya kukwama kwa muda kabla ya kusaidiwa. Hata mwanafunzi ambaye hajawahi kuona ubao wa kielektroni atakuwa ameutumia mwili wake mwenyewe kuelewa jinsi unavyofanya kazi, na siku atakapokutana nao ataweza kuuliza maswali yanayostahili.